Fenesi la Pili

Mimi shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema, kwa sababu wengi waliomaliza wamefanya kazi kwangu. Nilishuka Morogoro mjini kutoka Kinole nikiwa na kaptula moja na nguvu za shingo, nikawa kuli sokoni. Serikali ilipolegeza kamba, zikaja zile enzi za ruksa, mwenye akili akapata pa kupitia. Nikaanza kuteremsha matunda ya milimani, mafenesi, ndizi, machungwa, kwanza kwa baiskeli, halafu kwa pikapu ya kuazima, halafu kwa Fuso langu mwenyewe. Nasema langu mwenyewe. Siku lilipofika Kinole mara ya kwanza, wazee walilizunguka wakiligonga gonga mabodi kama watu wanaonunua ng'ombe. Leo nina uwanja wa magari Msamvu na nyumba mbili Mafiga, na kama yuko anayesema nilirithi, mleteni.

Nimeyatanguliza hayo ili msomaji ajue nilikuwa mtu wa namna gani mwaka ule mpwa wangu alipochaguliwa kwenda chuo kikuu.

Alikuwa mtoto wa dada yangu, wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba analea, lakini siku ya jambo kubwa anatafutwa mjomba. Basi nilimpeleka mimi. Nilimpakia kwenye Fuso peke yake na godoro lake, gari la tani saba kwa mtu mmoja, nikapiga honi tangu Mafiga mpaka getini.

Kwenye mabweni tulipokewa na vijana wa mwaka wa tatu wa chama chao cha kupanda milima. Chama hicho ndicho kilichokuwa kinawakaribisha wageni. Wageni waliitwa miche, na wenyeji wao wakajiita vigogo. Mwenyekiti wao alikuwa kijana mrefu, mwenye maneno mazuri. Akaniamkia, "Shikamoo mzee." Nikafurahi. Hapo nikafanya kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya.

Jandoni kwetu, mjomba humshika mwali mkono akamkabidhi kwa kungwi wake. Husema, "Nakupa mzima." Kungwi hujibu, na tangu saa ile hali kabla mwali hajala, hanywi kabla mwali hajanywa, na likitokea la kutokea ukoo mzima unajua mlango wa kugonga. Mimi, kwa furaha na kwa kutaka kuonekana mtu wa heshima mbele ya wasomi, nikamshika mpwa wangu mkono nikauweka mkononi mwa yule mwenyekiti. "Nawapeni mzima," nikasema. "Mfundeni."

"Usiwe na shaka, mzee. Tutamkomaza."

Wenzake wakacheka. Mpwa wangu akatazama chini. Mimi nikaondoka nimeridhika kabisa, kama mtu aliyemaliza kazi.

Baada ya wiki mbili mwenyekiti akanifuata Msamvu. Walikuwa wanawapeleka miche milimani kwa mafungu mawili, nusu Jumamosi ile, nusu Jumamosi inayofuata, na gari la chuo lilikuwa bovu. Nikamwambia gari atapata bure na dereva nitakuwa mimi mwenyewe. Kwenda Kinole na wasomi nyuma ya gari langu? Hata wangekataa ningewalazimisha.

Njiani mwenyekiti alikaa mbele nami. Akanieleza kwamba mche ukiwa kitaluni hunyimwa maji kidogo kidogo, ukomae kabla ya kuhamishiwa shambani, na chama chao kinafanya hivyo hivyo kwa watu. Nikamwambia hilo nalijua bila kusoma. Nikamsimulia jinsi makuli wa zamani walivyonibebesha magunia mawili ya chumvi siku yangu ya kwanza sokoni, wakiimba na kunicheka, na jinsi nilivyotoka pale nikiwa mwanaume. "Mtu hakomai bila kubebeshwa," nikasema. Akalipenda neno hilo mpaka akalirudia.

Gari linaishia chini, penye daraja la mti. Hapo wakateremsha walichokuja nacho: mafenesi. Walikuwa wameyanunua sokoni mjini. Nikayatazama, nikayajua, mengine niliyateremsha mwenyewe juzi yake. Kila mche apewe fenesi lake, alibebe kichwani mpaka kijijini juu, bila maji, huku akiimba nyimbo za kuwasifu vigogo. Chupa za maji zilikuwa kwenye mfuko wa mwenyekiti.

Akina mama wa kwetu walikuwa wanashuka na matenga yao vichwani. Wakasimama pembeni kuwapisha.

"Haya mafenesi mnayapeleka wapi?" mmoja akauliza.

"Juu, mama."

"Juu kwa nani?"

Yule mama akageuka kwa mwenzake. "Kwani mwaka huu yetu yameoza?" Wakacheka mpaka tenga la mmoja likayumba.

Nami nilicheka. Kusema kweli nilikuwa nafurahia. Nikapita pembeni ya mstari nikiwaelekeza: wewe, nyoosha shingo, wewe, usitazame miguu. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa mbele. Mtoto wa Kinole, fenesi moja ni nini kwake? Alikuwa anapanda anapiga mluzi. Na hilo ndilo lililowaudhi, maana mtu haletwi kukomazwa akapiga mluzi.

Nyuma yake alikuwa kijana mmoja mwenye miwani, mtu wa mikoa ya tambarare, hajawahi kupanda hata kichuguu. Katikati ya kilima akakaa chini, midomo imekauka, akasema haoni vizuri. Mpwa wangu akatua fenesi lake, akaenda kijitoni, akachota maji kwa jani la mgomba akamnywesha. Halafu akalichukua fenesi la mwenzake akaliweka kando ya lake.

Mwenyekiti akapuliza filimbi.

"Mche gani amekunywa?"

"Nimemnywesha mimi," mpwa wangu akasema. "Anaumwa."

"Wewe ndiye daktari? Vizuri, daktari. Kwa kuwa una huruma, beba yote mawili. Tena kwa kukimbia, mpaka pale kwenye mgomba."

Moja kichwani, jingine kwenye gunia mgongoni. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu na mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Mpwa wangu hakumtazama mwenyekiti. Alinitazama mimi. Alinitazama muda wa kutosha kabisa kwa mtu kusema neno, na neno nikalisema.

"Beba," nikamwambia. "Waonyeshe mtoto wa kwetu alivyo."

Akabeba. Alikimbia hatua kama kumi na tano. Mguu ukateleza, akaangukia bega, na fenesi la kichwani likamshukia juu yake. Ulivunjika mfupa wa mtulinga, huu unaoshika bega na kifua. Nilimteremsha mgongoni kwangu mwenyewe mpaka garini.

Hospitalini daktari akauliza kilichotokea. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema, "Kaanguka matembezini."

Wakamfunga bega, nikampeleka kwangu Mafiga. Siku ya pili nikaingia chumbani kwake na chungwa, nikamwambia bega la kijana hupona upesi, wiki mbili tatu atakuwa darasani.

"Bega litapona, mjomba. Chuoni sirudi."

"Kwa ajili ya wahuni wale?"

"Wale siwajui," akasema. "Wewe nakujua."

Nikaliweka chungwa juu ya meza. Nilijaribu kukasirika, kwa sababu hasira ndiyo dawa niliyoizoea, lakini haikuja. Nilitoka nje nikaanza kumfokea fundi aliyekuwa anafunga tairi vizuri tu.

Dada yangu alishuka kutoka Kinole siku ile ile. Habari ilikuwa imeshamfikia. Wale akina mama wa matenga hawakukosa kumjua mtoto wake. Akaingia akamwona mwanawe, akatoka, akakaa kizingitini. Dada yangu hapigi kelele. Ni mdogo kwangu lakini nilikuwa nasubiri kama mtoto anayesubiri fimbo.

"Kaka, ulimkabidhi?"

"Nilimkabidhi, dada. Kwa maneno yote."

"Kungwi wake nani?"

Nikasema ni mwenyekiti. Akaniuliza jina la huyo mwenyekiti, na mtoto wa nani, na wa wapi. Sikujua. Nilikuwa nimempa mtu mtoto wa ukoo, hata sikumwuliza jina.

"Hata ng'ombe humpi mtu usiyemjua akuchungie," akasema. Halafu akaingia jikoni kumpikia mwanawe uji.

Nilirudi kwa mpwa wangu nikamwuliza nifanye nini. Si kawaida yangu kuuliza watu nifanye nini. Akasema, "Nenda kwa mlezi wa wanafunzi ukaseme ulikuwepo."

Nilikwenda. Mlezi wa wanafunzi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Nikamweleza yote, na sehemu ya "beba" nikaieleza pia, ingawa niliitamka haraka. Akanionyesha tangazo ukutani, lililofubaa kwa jua, linalokataza mtu yeyote kumtesa mwanafunzi mpya kwa jina la kumkaribisha.

"Hili lipo miaka mingi," akasema. "Wazazi huja hapa kusema mtoto wao kaanguka. Wewe ni wa kwanza kuniambia ulikuwepo na ulicheka."

"Sasa mtawafukuza?"

"Naweza kukifunga chama leo. Kesho watakianzisha kwa jina jingine, wataendea kilima kingine ambako hakuna mtu wa kuja kuniambia." Akanitazama. "Wale vijana wanakusikiliza wewe kuliko tangazo langu. Jumamosi wana safari nyingine, sivyo? Na gari ni lako."

Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nilimkuta anafua. Nikamwuliza kungwi wa mpwa wangu alikuwa nani.

"Sisi sote, mzee. Chama."

"Chama kina miguu? Nikikitafuta nakigongea mlango gani?"

"Mzee, huo ni utaratibu tuliokuta. Hata sisi tulibebeshwa." Akakamua shati. "Tena wewe mwenyewe ulisema. Mtu hakomai bila kubebeshwa. Nimewaambia wenzangu maneno yako, wameyaandika ubaoni."

Nikaenda kuangalia. Kweli, yalikuwa ubaoni kwenye chumba chao cha mikutano, kwa chaki nyekundu. Maishani nimetamani sana maneno yangu yaandikwe mahali. Nikachukua kitambaa nikayafuta mwenyewe, halafu nikamwambia Jumamosi gari litakuja kama kawaida.

Jumamosi asubuhi miche wa fungu la pili walikuwa wameshapanda nyuma ya gari, kama ishirini hivi, wamekaa juu ya mafenesi mapya. Vigogo walikuwa chini wanachekana. Nikapanda nyuma nikasimama katikati yao. Nimezoea kusema mbele ya watu. Nimesema kwenye harusi, kwenye misiba, mbele ya mkuu wa wilaya. Siku ile nilishika bodi kwanza.

"Wiki iliyopita nilimsimulia mwenyekiti jinsi makuli walivyonibebesha chumvi," nikasema. "Nilimsimulia nusu. Nusu nyingine hata mke wangu haijui. Nilianguka. Chumvi ikapasuka, wakanicheka, nikakimbia. Nilirudi Kinole kwa miguu, nikamwambia mama yangu mjini hakuna kazi. Nikakaa msimu mzima nachunga mbuzi wa watu. Na rafiki yangu aliyekuja mjini pamoja nami naye alikimbia, na mjini hajarudi mpaka leo."

Wale chini wakaacha kuchekana.

"Aliyenirudisha ni kuli mmoja, mzee wa Kipogoro, alikuja kununua ndizi akanikuta. Akaniambia, mzigo unaanza kwenye ngata. Akanionyesha kusokota majani ya kutuliza mzigo kichwani, akanionyesha kuinuka kwa magoti, nisiinuke kwa mgongo. Wiki nzima alitembea ubavuni kwangu, na mzigo wake ni ule ule wangu. Huyo ndiye aliyenikomaza. Wale waliocheka sikumbuki walinifundisha nini. Na wiki iliyopita, mpwa wangu aliponitazama nimsaidie, nikafanya kama wao. Bega limevunjika na masomo ameyaacha. Mimi ndiye niliyesema abebe."

Halafu nikasema gari ni langu, na leo haliondoki mpaka kila mche apate kigogo wake mmoja, anayetaja jina lake mbele ya wote. Wapande ubavu kwa ubavu. Mche akibeba, naye abebe. Hanywi mpaka wake amekunywa. Na jioni huyo huyo ndiye atakayemwambia mlezi wa wanafunzi kwamba amemrudisha mzima.

"Na asiyetaka?" mmoja akauliza kutoka chini.

"Mguu wake ni wake. Gari ni langu."

Watatu wakaondoka papo hapo, mmoja akisema mzee amechanganyikiwa. Waliobaki wakatazamana. Nilifikiri nimeshindwa. Hapo katibu wao, binti wa mwaka wa tatu aliyekuwa kimya muda wote, akapanda garini. Akamwelekezea kidole msichana mmoja mwembamba aliyejikunyata kwenye kona. "Yule wangu," akasema, na akataja jina lake mwenyewe, la baba yake na la wilaya yake. Akakaa. "Dada, sogea basi. Na hilo fenesi literemshe, mimi sipandishi fenesi Kinole, nachekwa."

Watu wakacheka. Mwingine akapanda, akataja jina. Halafu mwingine. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho. Alizunguka gari mara moja kama anakagua tairi. Mche mmoja tu alikuwa hajachukuliwa, kijana mnene aliyekuwa ameanza kutokwa jasho kabla ya safari.

"Tutachelewa," mwenyekiti akasema. Akapanda, akataja jina lake chini chini.

"Hatujasikia," kijana mnene akasema.

Akalitaja tena kwa sauti.

Sitaki msomaji adhani walipanda kama malaika. Utani ulikuwepo, nyimbo zilikuwepo, na vigogo waliwapa wageni majina ya ajabu ajabu. Lakini wageni nao walijibu. Nusu ya njia yule mnene alikuwa anapumua vizuri kuliko mwenyekiti, akamwambia, "Kungwi, ukichoka niambie, nimekabidhiwa wewe." Chupa za maji zilitembea mkono kwa mkono. Jioni mama yule mlezi alisimama getini, wakapita mbele yake wawili wawili.

Kesho yake mwenyekiti na katibu walikuja Mafiga. Kijana wa miwani ndiye aliyewaleta. Yeye alikuwa anakuja kila siku kumnakilia mpwa wangu masomo kwenye daftari. Dada yangu alikuwa uani anamenya ndizi. Mwenyekiti akachuchumaa, akamwamkia, akajitambulisha kwa jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Akasema, "Mama, nilipewa mzima. Sikumrudisha mzima."

Dada yangu aliendelea kumenya. Mimi nikataka kusema neno, akaninyamazisha kwa jicho.

"Jina lako nimelisikia," akamwambia. "Kwenu kijijini wanajua kumenya ndizi?"

"Wanajua, mama."

"Chukua kisu. Mwenzako ana mkono mmoja."

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni, bega limefungwa. Alimtazama mwenyekiti akimenya, na kumenya hakujua. "Unatupa nusu ya ndizi na maganda," akamwambia. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia mtu wa chama tangu aanguke. Akaja akakaa karibu yake, akamwelekeza kwa mkono mmoja.

Kwangu mimi alichelewa zaidi. Nilikwisha kumwambia nilikosea. Nililisema neno hilo nikiwa nimesimama, halafu nikalirudia nikiwa nimekaa, kwa sababu mara ya kwanza lilitoka kama amri. Alisema amesikia. Siku nne baadaye aliniomba nimpeleke chuoni kwa pikapu ndogo, nisipige honi.

Sikupiga.

Mwaka uliofuata alikuja Msamvu, bega limepona ingawa upande mmoja umeinuka kidogo mpaka leo. Akaniamkia, akasema naye sasa yuko kwenye chama, akaomba gari kwa ajili ya wageni wapya. Nikamwambia gari ni lake, na dereva niko tayari, nimeshanunua na kofia ya safari.

"Mjomba, gari tunaliomba," akasema. "Wewe baki."

Nilijisikia vibaya, sitadanganya. Nikampa dereva wangu ufunguo. Nikakaa uwanjani kutwa nzima, nikitazama milima ilivyojifunika mawingu na kujifunua, nikimwuliza fundi kama kumenyesha upande wa Kinole. Fundi akasema, "Bosi, umeniuliza mara sita."

Saa kumi gari likaingia. Wakaanza kuteremka wawili wawili, wana tope mpaka magotini, wanabishana nani aliteleza zaidi. Nikangoja. Mpwa wangu alikuwa bado juu, amekaa ametulia pembeni ya bodi, kwa sababu mgeni wake alikuwa amelala amemwegemea bega, na yeye hakutaka kumwamsha.